Sindano ya mgongo tuliyoikataa

Ndugu wasikilizaji, na ninyi mtakaoyasoma haya gazetini, nianze kwa kusahihisha jambo dogo. Nikisema nimezaliwa Msasani, watu wa Dar es Salaam hunitazama mara mbili, kwani Msasani waijuayo wao ni ile ya ufukweni, yenye nyumba za mabalozi. Msasani yangu haina bahari. Ni kata ya mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe, kule ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, migomba imefika hadi ukutani mwa nyumba, na asubuhi nyingi mlima Rungwe hauonekani kwa sababu ya ukungu.

Neno hilo ukungu lina maana mbili, na sisi wa Tukuyu tunazijua zote. Kuna ukungu wa mlimani, na kuna ukungu wa kwenye debe la unga. Mama alikuwa akifunua debe wakati wa masika, akiona unga umebadilika rangi na kutoa harufu, husema, "Umeingia ukungu," kisha humwaga. Vitabuni huitwa kuvu, na mjini siku hizi huitwa fangasi. Wengi wetu tukisikia fangasi tunafikiria mba wa kichwani au muwasho wa katikati ya vidole vya miguu. Leo sizungumzii huo. Nazungumzia ule unaoingia ndani ya mwili wa mtu, ukapita kwenye mapafu na damu, ukafika kwenye ubongo, ukamlaza hospitalini na mara nyingi ukamuua, huku ndugu zake wakiamini kwamba kilichomuua ni malaria, au jirani mwenye kijicho.

Nitaanza na kifo cha nyumbani kwetu, si kwa kutaka huruma, bali kwa sababu historia ninayotaka kuieleza niliiishi kabla sijaijua.

Mwaka 2003 kaka yangu mkubwa alianza kuumwa kichwa. Alikuwa dereva wa lori, akipita barabara ile itokayo Mbeya kwenda Kyela na mpaka wa Malawi. Kichwa kilimuuma wiki ya kwanza, akanunua dawa dukani. Wiki ya pili akapewa dawa ya malaria. Wiki ya tatu akaanza kutapika, akawa hataki mwanga, na akilala alitaka mto uondolewe kwa sababu shingo ilikaza. Tukampeleka hospitali, ambayo sitaitaja. Daktari alikuwa kijana, mpole, na alituambia jambo moja tu: anataka kumchoma kaka sindano ya mgongoni ili atoe maji kidogo ya uti wa mgongo, ayapime.

Wazee waliketi nje ya wodi. Baba mdogo akasema hajapata kumwona mtu aliyechomwa sindano hiyo akarudi nyumbani kwa miguu yake. Mwingine akasema inapoozesha. Mama alikuwa analia. Mimi ndiye niliyeonekana nimesoma, basi nikatumwa kwenda kumwambia daktari kwamba familia imekataa. Nilikwenda, nikamwambia. Alinitazama, akasema, "Sawa, kijana, lakini mimi sasa natibu gizani." Siku ya sita kaka alifariki.

Tangu hapo nimesoma mengi, na nimewauliza madaktari wengi kwa kisingizio cha kuandaa vipindi. Naweza kusema sasa kwamba maelezo yote ya kaka yanafanana na ugonjwa mmoja: homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na fangasi aitwaye kriptokokasi. Sisemi kwa hakika, kwani hakupimwa. Na hakupimwa kwa sababu sisi tulikataa.

Fangasi huyu si mgeni duniani. Mwaka 1894, katika mji wa Greifswald nchini Ujerumani, Otto Busse alimkuta kwenye kidonda cha mfupa wa ugoko wa mwanamke wa miaka 31, ambaye baadaye alifariki. Mwaka huohuo, huko Italia, Francesco Sanfelice alimpata katika maji ya tunda la pichi. Kwa maneno mengine, tangu mwanzo alijulikana kuwa kiumbe anayeishi nje, katika mazingira, ambaye mara mojamoja huingia ndani ya binadamu. Anakaa kwenye udongo, kwenye miti iliyooza na kwenye mavi ya ndege, hasa njiwa. Tunamvuta pamoja na hewa bila kujua. Kwa mtu mwenye kinga kamili, mwili humzuia mapafuni, na mambo huishia hapo. Hata kwetu Afrika alikuwepo zamani. Mwaka 1966 madaktari walimpata katika maji ya uti wa mgongo wa mtoto wa kiume wa Kongo, na kutokana na mtoto huyo ilielezwa mwaka 1970 aina ya pili ya fangasi huyu, inayoitwa gattii kwa heshima ya mtafiti aliyeieleza.

Hata hivyo, kwa miaka mingi wagonjwa walikuwa wachache. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Kinshasa wakaanza kuona jambo ambalo hawakulizoea: vijana na watu wa makamo wenye homa hii ya uti wa mgongo, mmoja baada ya mwingine. Hawakujua wakati huo kwamba walikuwa wanaona kivuli cha ugonjwa mwingine. Kilichokuwa kinakuja nyuma ya fangasi ni UKIMWI. Virusi vilikuwa vinakula kinga, na yule kiumbe aliyekaa kimya mapafuni alipata njia ya kupanda hadi kwenye ubongo.

Hapa Tanzania wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na hadi kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa. Mkoa wetu wa Mbeya uliumia sana. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2003 hadi 2004 ulionyesha kwamba kwa Tanzania Bara watu 7 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na virusi, na Mbeya walikuwa zaidi ya 13. Kaka alifariki katika mwaka huo wa kuhesabiana. Mpango wa taifa wa kutoa bure dawa za kupunguza makali ulianza mwaka uliofuata, 2004.

Sasa mtu atauliza: kama ugonjwa huu ulikuwapo, kwa nini hatukuwa tukiusikia? Jibu ni kwamba ulikuwa na jina la kuazima. Uliitwa malaria. Homa ikipanda, malaria. Mtu akiweweseka, malaria imepanda kichwani. Hata sisi wa Tukuyu, ambako baridi huwapunguza mbu, tulikuwa na desturi hiyohiyo.

Hili si la kubuni. Watafiti walichunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa kali katika hospitali mbili za Moshi, KCMC na Mawenzi, kati ya mwaka 2007 na 2008, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Wagonjwa 528, yaani zaidi ya nusu, waliandikiwa na madaktari kwamba wana malaria. Walipopimwa kwa makini, wenye malaria ya kweli walikuwa 14. Katika kundi hilohilo la wagonjwa 870, watu 25 walikuwa na fangasi ndani ya damu. Tafakarini hesabu hiyo, ndugu zangu. Katika wodi zile, wenye fangasi kwenye damu walikuwa wengi kuliko wenye malaria, lakini jina lililoandikwa kwenye faili lilikuwa malaria.

Mgonjwa wa malaria na mgonjwa wa fangasi wa ubongo wote wana homa na kichwa. Kwa macho na kwa mkono wa daktari juu ya paji la uso, ni vigumu kuwatofautisha. Kinachotofautisha ni kipimo. Na kwa miaka mingi kipimo kilikuwa ni hicho tulichokikataa.

Basi niseme kidogo juu ya sindano hiyo, kwani wengi wanaiogopa bila kuijua historia yake. Aliyeianzisha ni daktari Mjerumani, Heinrich Quincke, wa mji wa Kiel, mwaka 1891. Na hakuianzisha kwa ajili ya kupima. Aliitumia kuwapunguzia wagonjwa msukumo wa maji uliokuwa unawabana ubongo. Yaani sindano hii ilizaliwa ikiwa ni tiba, na kipimo kikaja baadaye.

Je, inapoozesha? Mishipa mikuu ya fahamu inayoteremka ndani ya uti wa mgongo huishia juu kidogo ya kiuno. Daktari huchoma chini ya hapo, kati ya pingili za kiunoni, mahali ambapo kuna maji na nyuzi ndogo za fahamu zinazoelea kama tambi ndani ya mchuzi, ambazo husogea sindano inapopita. Mgonjwa anaweza kuumwa mgongo au kichwa kwa siku chache. Yako mazingira machache ambapo daktari hatakiwi kuichoma, kwa mfano akihisi kuna uvimbe mkubwa ndani ya kichwa, naye hufundishwa kuyatambua. Lakini kusema kwamba sindano yenyewe ndiyo inayoua, hapana.

Imani hiyo ilitoka wapi? Nadhani baba mdogo hakuwa mwongo. Aliona kweli watu wakichomwa na kisha wakifa. Ila walikuwa wanafikishwa hospitali wiki ya tatu au ya nne, baada ya duka la dawa na baada ya mganga, ubongo umekwisha kubanwa. Aliyechomwa sindano jioni angekufa asubuhi hata bila sindano. Watu wakaunganisha vitu viwili vilivyofuatana, wakadhani kimoja kimezaa kingine. Wala hofu hiyo si ya Wanyakyusa peke yetu. Huko Kampala, katika hospitali ya Mulago, watafiti walikuta ndugu na wagonjwa wakikataa kwa sababu hiyohiyo, kwamba sindano inaua.

Maji yakishatoka, mtaalamu wa maabara huchukua tone, akalichanganya na wino mweusi, ule uitwao wino wa India, akatazama kwa darubini. Fangasi huyu amejivika koti nene ambalo wino haupenyi. Basi katika weusi ule huonekana viduara vyeupe, kila kimoja na mwanga wake pembeni, mithili ya mwezi uliozungukwa na ukungu. Ni kipimo cha bei ndogo, na maabara ya wilaya inaweza kukifanya. Upungufu wake ni kwamba fangasi wakiwa wachache, macho huwakosa.

Koti hilohilo ndilo linalombana mgonjwa. Fangasi na makoti yao huziba njia ambazo maji ya ubongo hupita kurudi kwenye damu. Maji yanaendelea kutengenezwa, lakini hayana pa kutokea. Msukumo unapanda, kichwa kinapasuka kwa maumivu, macho yanafifia, masikio yanaziba, mwisho mtu anapoteza fahamu. Ukimtoa maji kwa sindano, msukumo unashuka. Wapo wagonjwa wanaosema maumivu yamepungua kabla hawajashuka kitandani. Utafiti wa wagonjwa wa Uganda na Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba waliorudiwa kutolewa maji katika siku za mwanzo walikuwa na hatari ya kufa pungufu kwa takriban theluthi mbili, wakilinganishwa na wasiorudiwa. Niliposoma hilo nilifunga kitabu. Tulichomkataza daktari hakikuwa kipimo tu. Kilikuwa ni nusu ya dawa.

Na nusu nyingine ya dawa je? Hapo nako kuna historia yake, na haipendezi sana.

Dawa kali ya kwanza ya fangasi wa ndani ya mwili ni amfoterisini. Ilipatikana katikati ya miaka ya 1950 na watafiti wa kampuni ya Squibb ya Marekani, kutoka kwa vijidudu vya kwenye udongo uliochukuliwa kando ya mto Orinoco, nchini Venezuela. Inaua fangasi kwelikweli, lakini inamsumbua na mgonjwa. Inamtetemesha, inampandisha homa, inaumiza figo, inapunguza damu na madini ya potasiamu. Hutolewa kwa dripu, polepole, tena ichanganywe na maji ya sukari, si ya chumvi. Kwa miaka mingi mgonjwa alitakiwa apewe kila siku kwa siku 14, huku figo zikipimwa mara kwa mara. Hospitali isiyo na kipimo cha figo wala muuguzi wa kutosha inaitoaje?

Dawa ya pili ni flusitosini, iliyotengenezwa mwaka 1957 ikikusudiwa kutibu saratani. Saratani haikuiweza, lakini miaka ya 1960 ikaonekana inafaa kwa fangasi. Ni kidonge. Wazungu waliitumia kwao miaka yote hiyo, lakini katika nchi nyingi za Afrika haikusajiliwa hata kidogo. Dawa kongwe, wagonjwa wengi, na haipo kaunta.

Ya tatu ni flukonazoli, ya kampuni ya Pfizer, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1990. Hii ni kidonge, haina makali ya amfoterisini kwa mgonjwa, na ndiyo maana ilionekana mkombozi. Ila bei yake ya mwanzo haikuwa ya mtu wa Tukuyu wala wa Soweto. Mwaka 2000 mwanaharakati wa Afrika Kusini, Zackie Achmat, alisafiri hadi Thailand, akarudi na vidonge vya aina hiyo vilivyotengenezwa huko kwa bei ndogo, akavipitisha waziwazi ili kupinga sheria ya hataza. Mwaka uliofuata Pfizer ikatangaza kupanua mpango wake wa kutoa dawa hiyo bure, ufike kwenye nchi maskini zaidi. Ulikuwa msaada mkubwa. Hata hivyo flukonazoli ikitumiwa peke yake humzuia fangasi asikue zaidi kuliko kumuua, na katika hospitali nyingi za Afrika zaidi ya nusu ya waliotibiwa kwa hiyo peke yake hawakufikisha wiki ya 10.

Hadi hapo historia yetu ilikuwa ya kupokea. Sasa nieleze sehemu inayonipa moyo, kwani majibu mengi ya ugonjwa huu yametoka Afrika, na mengine hapahapa kwetu.

Mwaka 2002 watafiti waliokuwa Entebbe, Uganda, walichapisha jambo kubwa. Alama ya fangasi huyu, inayoitwa antijeni, inaonekana katika damu kabla kichwa hakijaanza kuuma. Kwa wagonjwa wao, muda wa kati ulikuwa siku 22. Ni wiki tatu, na katika wiki tatu hizo mtu bado anatembea, analima, anaendesha lori, na anaweza kuokolewa kwa vidonge tu. Mwaka 2011 kikaidhinishwa Marekani kipimo cha karatasi kinachosoma alama hiyo, mfano wa kile cha ujauzito. Tone la damu au la maji ya mgongo, dakika 10, mistari miwili. Hakihitaji friji wala darubini.

Watanzania wakakifanyia kazi. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, chini ya Daktari Sayoki Mfinanga, pamoja na wenzao wa Lusaka, waliwafuatilia watu 1,999 wa Dar es Salaam na Lusaka ambao kinga yao ilikuwa imeshuka sana. Nusu walipata huduma ya kawaida. Nusu nyingine walipimwa alama ya fangasi, wenye nayo wakapewa dawa mapema, na wote wakatembelewa nyumbani na watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi. Matokeo yalitoka mwaka 2015. Vifo katika kundi la pili vilikuwa pungufu kwa asilimia 28. Hapakuwa na mashine kubwa wala daktari bingwa mlangoni, bali karatasi, kidonge, na mtu wa kubisha hodi.

Mwaka 2018 ukatoka utafiti mwingine, wa Malawi, Zambia, Kamerun na Dar es Salaam, wa wagonjwa zaidi ya 700 waliokuwa tayari wameugua. Ulionyesha kwamba amfoterisini kwa siku 7, badala ya 14, ikiunganishwa na flusitosini, inaokoa maisha vizuri kuliko namna nyingine zilizojaribiwa. Walikufa karibu mmoja kati ya wanne katika wiki 10. Bado ni wengi, lakini si zaidi ya nusu. Mwaka 2022 ukaja mwingine, wa Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini, wa wagonjwa 844. Huu ulitumia amfoterisini iliyofungwa ndani ya vitone vidogo vya mafuta, isiyoumiza figo sana, ikatolewa mara moja tu, siku moja, kwa dozi kubwa, pamoja na vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa wiki mbili. Ilifanya kazi sawasawa na ile ya siku 7, na madhara yalikuwa machache. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwaka huohuo. Kutoka siku 14 hadi 7, na kutoka 7 hadi 1.

Hata swali la lini mgonjwa huyu aanze dawa za kupunguza makali lilijibiwa Uganda na Afrika Kusini, mwaka 2014. Mtu angedhani kadiri anavyowahi ndivyo bora. Kumbe la hasha. Waliocheleweshwa kwa takriban wiki tano, huku fangasi akitibiwa kwanza, walipona wengi zaidi, kwani kinga ikirudi ghafla hupigana vita ndani ya ubongo ambao bado umejaa adui.

Wala kriptokokasi si peke yake. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya fangasi 19 wa kutiliwa maanani, na wanne wakawekwa daraja la juu la hatari. Huyu wetu ni mmojawapo. Mwingine ni Candida auris, aliyeelezwa kwa mara ya kwanza Japani mwaka 2009, ambaye amekwisha onekana katika wodi za wagonjwa mahututi jijini Nairobi, na ambaye dawa nyingi hazimtishi. Huyo huwapata waliolazwa kwa muda mrefu, wenye mirija na dripu, hata kama hawana UKIMWI. Kwa hiyo asitokee mtu akajisemea kwamba ukungu wa hospitali ni habari ya wengine.

Ndugu wasikilizaji, mtaona kwamba nimeeleza historia ya vitu vidogo: tone la wino, karatasi ya dakika 10, sindano, kidonge kilichokosa msajili. Watu hawa hawakufa kwa sababu dunia haikuwa na maarifa. Makadirio ya mwaka 2020 yanasema ugonjwa huu wa uti wa mgongo uliua watu wapatao 112,000 duniani kwa mwaka mmoja, wengi wao wakiwa Afrika kusini mwa Sahara. Mwaka huo maarifa karibu yote niliyoyataja yalikuwapo. Kilichokosekana kilikuwa ni dawa kufika kaunta, kipimo kufika zahanati, na ndugu kukubali.

Mambo mawili ya kwanza ni ya serikali na wakubwa wa dawa, na hatutaacha kuwauliza. La tatu ni letu. Mtu wako akiumwa kichwa wiki mbili mfululizo na dawa ya malaria haijasaidia, usimpe dawa ya malaria ya tatu. Mpeleke, uliza kama amepimwa virusi, na uliza kama kipimo cha fangasi kipo. Na daktari akisema anataka maji ya mgongo, muulize maswali yote unayotaka, ni haki yako, kisha mruhusu.

Niliporudi Msasani mara ya mwisho, mvua ilikuwa inanyesha kama kawaida yake. Niliketi na baba mdogo barazani, sasa ni mzee sana, nikamsimulia haya yote, juu ya Quincke, na maji, na msukumo. Nilijiandaa abishe. Hakubisha. Alikaa kimya muda mrefu, akasema, "Tulimkataza yule daktari kwa sababu tulimpenda mtoto wetu. Hatukujua kwamba naye alimpenda."

Yule daktari sijapata kumwona tena. Kama yuko hai na anasikiliza redio, au anasoma gazeti hili, naomba apokee neno letu la kwetu, ambalo siku ile sikumwambia: ndaga. Tulikuacha gizani, nawe ulibaki wodini usiku kucha.

Hadi wiki ijayo, nawatakieni afya njema.